Namna ya Kuanguka Urais na Kuinuka Ubunge

Vitabu vya kumfundisha mtu kuingia madarakani ni vingi. Vya kumfundisha kutoka ni haba, ndiyo maana wengi wakitolewa hung'ang'ania mlango mpaka wakaondoka na kitasa mkononi. Mwongozo huu ni wako wewe, mheshimiwa mtarajiwa, mwenye akili ya kutosha kujua kwamba ipo siku kura hazitatosha. Nakushauri kwa moyo mweupe: jiandae kushindwa, na ukishindwa, ushindwe vizuri.

Kungwi wako atakuwa John Quincy Adams, rais wa sita wa Marekani. Alikaa Ikulu muhula mmoja, kuanzia 1825 hadi 1829, akaangushwa kwa kishindo. Kisha akachaguliwa kuwa mbunge wa kawaida katika Baraza la Wawakilishi, akakaa humo miaka 17, na humo ndimo alimofanya kazi inayomfanya akumbukwe. Katika marais wote wastaafu wa nchi ile, hakuna mwingine aliyekubali kwenda kukaa kwenye kiti cha Baraza hilo.

Ukitaka kumwiga, anza kwa kuwa na sifa nyingi kuliko unazohitaji. Adams alizaliwa Massachusetts mwaka 1767. Baba yake, John Adams, alikuja kuwa rais wa pili. Akiwa na miaka 7 alipanda kilima pamoja na mama yake, Abigail, wakatazama kwa mbali moshi wa mapigano ya uhuru ya Bunker Hill. Akiwa na miaka 14 alikuwa St. Petersburg, akimtafsiria Kifaransa mjumbe wa nchi yake. Ukubwani alikuwa balozi Uholanzi, Prussia, Urusi na Uingereza. Alikuwa katika ujumbe uliotia saini mkataba wa Ghent tarehe 24 Desemba 1814 na kumaliza vita na Waingereza. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje aliipata Florida kutoka Hispania kwa mkataba wa 1819, na fikra zake ndizo zilizojaa katika tamko la Rais Monroe la 1823, lililowaonya wafalme wa Ulaya wasianzishe makoloni mapya katika mabara ya Amerika.

Ukiwa na wasifu wa namna hiyo utashawishika kuamini kwamba urais ni haki yako. Usiamini. Mpiga kura anamtazama mtu usoni, na uso wa Adams haukuwa na bashasha. Mwenyewe alikiri katika shajara yake kwamba tabia yake ni ya kujitenga, baridi na ukali. Sikushauri uige hilo.

Kinachofuata ni kigumu zaidi, nacho ni kuwaudhi watu wa chama chako kabla hujapata cheo kikubwa. Adams aliingia Seneti mwaka 1803 kupitia Wafederali, chama cha baba yake na cha matajiri wa bandari za Massachusetts. Wenzake wakaupinga ununuzi wa eneo la Louisiana kutoka Ufaransa. Yeye akauunga mkono. Mwaka 1807, baada ya manowari za Waingereza kuzisumbua meli za Marekani na kuwateka mabaharia wake, Rais Jefferson alipiga marufuku meli za nchi yake kwenda kufanya biashara ng'ambo. Marufuku hiyo iliwaumiza vibaya wafanyabiashara wa jimbo la Adams, wale wale waliompeleka Seneti. Adams akaipigia kura ya ndiyo, kwa sababu aliona nchi iliyodhalilishwa baharini haiwezi kukaa kimya.

Bunge la Massachusetts halikungoja muda wake uishe. Juni 1808, miezi mingi kabla ya wakati, lilimchagua mtu mwingine wa kurithi kiti chake. Adams akajiuzulu papo hapo. Wapo waliosema alinunuliwa, kwa kuwa mwaka uliofuata Rais Madison alimteua balozi nchini Urusi. Mimi siafikiani nao. Anayetafuta ulaji huhama chama akishahakikishiwa nafasi. Adams alipiga kura ile akijua kwamba wenye kiti watamnyang'anya, wakamnyang'anya kweli. Wewe nawe, kabla hujafikiria Ikulu, jipime: ni kura gani umewahi kupiga ambayo ilikugharimu kitu? Kama huna hata moja, bado hujaanza.

Sasa tufike mahali ambapo nakusihi usimfuate kungwi.

Mwaka 1824 waligombea urais watu wanne. Jenerali Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, Adams 84, William Crawford 41, na Henry Clay 37. Ilihitajika kupata 131, hakuna aliyezipata, na hata kwa kura za wananchi Jackson ndiye aliyetangulia. Kwa mujibu wa katiba, uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lina kura moja na wanaoshindanishwa ni watatu wa juu. Clay alikuwa wa nne, kwa hiyo alikuwa nje ya mchuano. Lakini ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza hilohilo, na akamuunga mkono Adams. Tarehe 9 Februari 1825 Adams akapata majimbo 13, Jackson 7, Crawford 4. Siku chache baadaye Adams akamtangaza Clay kuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, cheo ambacho wakati ule kilikuwa ngazi ya kupandia urais.

Hakuna ushahidi kwamba waliuziana nchi. Clay alikuwa na uwezo wa kazi ile, na siasa zake zilifanana na za Adams kuliko za Jackson. Ila mwanasiasa aliyekaa kwenye mabaraza ya dunia tangu utotoni alipaswa kujua jinsi uteuzi ule ungeonekana machoni pa mkulima wa Tennessee aliyempigia kura Jackson. Watu wa Jackson wakapaza sauti kwamba umefanyika ulaghai, wakaipaza kwa miaka minne bila kupumzika. Ushindi wako ukiwa na mashaka, mheshimiwa, usimpe cheo aliyekuvusha siku ile ile ambayo nchi nzima inatazama mikono yenu.

Akiwa Ikulu, hata hivyo, alifanya mambo mawili ninayokutaka uyafanye, ijapokuwa yatakupunguzia kura. La kwanza ni kuomba makubwa. Katika hotuba yake ya kwanza kwa Bunge, Desemba 1825, aliomba barabara na mifereji, chuo kikuu cha taifa, utafiti wa nchi za magharibi, na kituo cha kuchunguza nyota, kwa kuwa vituo hivyo Ulaya vilikuwa vimejaa na nchi yake haikuwa na hata kimoja. Tena akawaambia wabunge wasijifanye wamepooza kwa kuogopa matakwa ya waliowachagua. Wakamcheka. Maneno yale kuhusu wapiga kura hayakuwa ya busara kwa rais aliyeingia bila kura nyingi. Lakini kuwa na hamu ya kuona nchi yake ikisoma nyota, huku wengine wakigawana ofisi za posta, ni sifa ambayo naipenda bila kificho. Novemba 1843, akiwa na miaka 76, alisafiri mpaka Cincinnati kuweka jiwe la msingi la kituo cha nyota kilichojengwa kwa michango ya watu wa mji ule.

La pili ni kutomfukuza mtu kazi kwa sababu tu hakukupigia kura. John McLean, mkuu wa posta, alikuwa akimsaidia Jackson waziwazi, naye alikuwa na ajira nyingi za kugawa. Washauri walimsihi Adams amwondoe. Adams alikataa, kwa kuwa McLean aliiendesha posta vizuri. Jackson alipoingia mwaka 1829, akampa McLean kiti katika Mahakama ya Juu. Ukifuata ushauri huu utakuwa na uhakika wa kuzungukwa na maadui wanaolipwa mshahara na serikali yako, na barua za wananchi zitafika.

Basi, sasa ushindwe. Mwaka 1828 Jackson alipata kura 178 za wajumbe, Adams 83. Uchaguzi ule ulikuwa na matusi yasiyosemeka kwa pande zote mbili, hata Adams akazushiwa kwamba alipokuwa balozi alimtafutia mfalme wa Urusi msichana. Jackson, kwa upande wake, alisakamwa kuhusu ndoa yake, na mkewe Rachel akafariki kabla mumewe hajaapishwa. La kusikitisha ni kwamba mwaka 1818, Jackson alipovamia Florida bila idhini, ni Adams peke yake katika baraza la mawaziri aliyesimama kumtetea. Sasa hakwenda hata kwenye sherehe ya kumwapisha. Hapo alikosea, kama baba yake alivyokosea mwaka 1801 kwa Jefferson. Wewe nenda, usimame jua likuwakie, umpe mkono aliyekushinda.

Chini ya miezi miwili baada ya kuondoka Ikulu, mwanawe mkubwa, George Washington Adams, alizama baharini akiwa safarini kwa meli. Kwa msiba ule sina ushauri.

Mwaka 1830 majirani zake wa wilaya ya Plymouth walimwomba agombee ubunge. Mkewe, Louisa, hakutaka. Mwanawe Charles Francis aliona ni kujishusha, rais mzima kwenda kukaa benchi moja na mawakili wa vijijini. Adams alijibu kwamba hakuna mtu anayeshuka hadhi kwa kuwatumikia watu bungeni, na hata kuwa mjumbe wa halmashauri ya mji wake isingekuwa aibu. Alichaguliwa kwa kura nyingi, akaandika katika shajara yake kwamba hata kuchaguliwa rais hakukumfurahisha nusu ya hivi.

Hapa ndipo ningependa ukae sana, kwa kuwa mengine yote ni maandalizi. Tunazoea kumhesabu mstaafu mkubwa kuwa amemaliza. Anapewa gari, walinzi na jina la mzee wa busara, kisha anatakiwa anyamaze. Adams alianza Desemba 1831 akiwa na miaka 64, na siku alipopata nafasi ya kwanza ya kuzungumza aliwasilisha maombi 15 ya wananchi. Hawakuwa hata wa jimbo lake. Walikuwa watu wa Pennsylvania walioomba utumwa na biashara ya watumwa vikomeshwe katika mji mkuu, Washington. Tena alilieleza Baraza kwamba yeye mwenyewe haungi mkono ombi la kuukomesha utumwa mjini humo. Aliliwasilisha kwa sababu raia wameliandika, na raia akiandika ana haki ya kusikilizwa.

Usimfanye malaika. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje aliyewadai Waingereza fidia kwa ajili ya watumwa waliotoroka nao wakati wa vita. Aliuchukia utumwa moyoni kwa miaka mingi bila kuuchokoza, kwa kuwa alitaka urais, na urais haukupatikana bila kura za Kusini. Alipoukosa urais ndipo ulimi wake ulipofunguka, na ulifunguliwa na wananchi wasio na jina walioendelea kumtumia karatasi zao.

Karatasi zikazidi. Tarehe 26 Mei 1836 Baraza likapitisha kanuni kwamba ombi lolote linalogusa utumwa liwekwe kando bila kuchapishwa, bila kupelekwa kwenye kamati, bila kujadiliwa. Kura zilikuwa 117 kwa 68. Jina la Adams lilipoitwa, badala ya kujibu ndiyo au hapana alitamka kwamba kanuni ile inavunja katiba, inavunja taratibu za Baraza na inavunja haki za watu wake, huku wenzake wakimpigia kelele akae chini. Wakafikiri wamemnyamazisha.

Hapa jifunze kanuni za kikao kuliko wanavyozijua wanaozitumia dhidi yako. Tarehe 6 Februari 1837 Adams alimwuliza Spika, James Polk, kama ni halali kupokea karatasi iliyotoka kwa watumwa 22. Ukumbi ukalipuka. Mmoja akataka akaripiwe, mwingine afukuzwe, mwingine karatasi ichomwe moto. Adams akawaacha wachoke. Kisha akawaeleza mambo mawili: hakuwa ameiwasilisha, ameuliza tu, na wenye karatasi hawakuomba uhuru, bali waliomba kinyume chake. Siku kadhaa za Baraza zilipotea kwa mjadala juu ya jambo ambalo kanuni yao ilisema lisijadiliwe.

Mwaka uliofuata mbunge mmoja alisema kwamba wanawake wanaotia saini maombi wanaiaibisha jinsia yao. Adams alisimama kila asubuhi ya kikao, kuanzia katikati ya Juni hadi 7 Julai 1838, akijibu. Alitaja wanawake wa Biblia na wanawake wa mapinduzi ya nchi yake, akauliza mwanamke aliyenyimwa kura anaporuhusiwa kusali kwa Mungu, kwa nini asiruhusiwe kuliomba Bunge. Mengi ya maombi yale yalisambazwa nyumba kwa nyumba na akina mama, nao ndio waliompa kazi.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kuifuatilia habari hii. Miaka hiyohiyo merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, zilikuwa zinatia nanga Unguja kupakia pembe za ndovu na sandarusi na kushusha merikani, kitambaa kilichovaliwa mpaka bara. Vingi vya vitambaa hivyo vilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Kwa hiyo wenye viwanda wa jimbo la Adams nao hawakupenda kelele zake. Alikuwa anagusa mfuko wa majirani zake, kama alivyougusa mwaka 1807.

Kisha ikaja kesi ya *Amistad*. Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka nchi inayoitwa leo Sierra Leone, waliuzwa Havana kinyume cha sheria ya Hispania yenyewe, wakapakiwa katika jahazi lenye jina hilo. Wakiongozwa na Sengbe Pieh waliliteka, lakini likaishia pwani ya Marekani na wao wakatiwa gerezani Connecticut. Hakuna aliyeijua lugha yao mpaka mwalimu mmoja wa Chuo cha Yale, Josiah Gibbs, alipojifunza kwao kuhesabu kutoka moja hadi kumi, akaenda kwenye gati za New York akihesabu kwa sauti mpaka akampata baharia aliyeelewa, James Covey. Ndipo walipoweza kujisemea. Serikali ya Rais Van Buren ilikuwa imeweka meli tayari kuwarudisha Cuba.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu aliyewatetea ni Adams. Alikuwa na miaka 73, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 tangu asimame mbele ya mahakama hiyo. Wengi wa majaji walitoka Kusini. Kale, mtoto miongoni mwa mateka, alimwandikia barua kwa Kiingereza alichojifunza gerezani. Tarehe 24 Februari 1841 Adams alizungumza zaidi ya saa nne, akaendelea 1 Machi, akiwaonyesha majaji Tangazo la Uhuru lililotundikwa ukutani mwa chumba hichohicho. Tarehe 9 Machi mahakama ikaamua kwamba watu wale ni huru na walikuwa huru tangu mwanzo. Waliobaki hai, 35, walifika kwao Januari 1842.

Mwezi huohuo wa Januari Adams alikuwa mashtakani yeye mwenyewe. Aliwasilisha ombi la watu 46 wa Haverhill, Massachusetts, waliotaka muungano wa majimbo uvunjwe kwa amani, akapendekeza liundiwe kamati ya kuwaeleza kwa nini hawawezi kukubaliwa. Wabunge wa Kusini wakaleta azimio la kumkaripia kwa uhaini. Wakati wa kujitetea alimwomba karani asome mwanzo wa Tangazo la Uhuru, pale panapoeleza haki ya watu kubadili serikali yao. Wakamwambia akiliondoa ombi lile nao wataliondoa azimio. Akakataa, kwa sababu angekuwa ameiuza haki ya kuomba ili ajinusuru. Akazungumza siku baada ya siku, akifukua mambo ya utumwa yote waliyokataza yasitajwe, mpaka 7 Februari walipochoka wakaliweka azimio kando kwa kura 106 dhidi ya 93. Kisha akaomba ruhusa ya kuendelea na maombi mengine yaliyokuwa mezani kwake.

Usistaafu, basi, ikiwa bado kuna mtu anayekutumia karatasi. Adams alipigania miaka kumi fedha alizoziacha Mwingereza James Smithson zisiliwe na wanasiasa, na mwaka 1846 ikaanzishwa taasisi ya elimu inayoitwa Smithsonian. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wabunge 14 waliokataa vita dhidi ya Meksiko. Tarehe 21 Februari 1848 alipiga kura ya hapana dhidi ya azimio la kuwashukuru majenerali wa vita hivyo, akaanguka kwenye dawati lake, akafariki siku mbili baadaye katika chumba cha Spika akiwa na miaka 80.

Mwisho wa ile kanuni ya 1836 ya kuziba midomo nimeuacha kwa makusudi, kwa sababu ndiyo nataka uanze nayo. Mwanzo wa kila kipindi cha Bunge Adams alileta hoja ya kuiondoa, na alishindwa mara kwa mara. Mwaka 1840 waliikaza zaidi, wakaifanya kanuni ya kudumu kwamba maombi yale yasipokewe kabisa. Tofauti ilikuwa kura 6. Aliendelea kuhesabu. Tarehe 3 Desemba 1844 hoja yake ilipita kwa kura 108 dhidi ya 80. Basi ukishaapishwa tena, mheshimiwa, kwenye hicho kiti kidogo ambacho wenzako wanakuonea haya, usianze na hotuba. Nenda kwa karani wa Bunge, mwulize ni maombi mangapi ya wananchi yamelala kwenye kabati lake, yamelala tangu lini, na kanuni ipi inayoyazuia. Kisha omba nakala ya kanuni hiyo.